Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Tume ya Adhabu ya Marekani Ina Mamlaka Gani, na Yanakomea Wapi?

Tume ya Adhabu ya Marekani ikitangaza marekebisho yoyote, habari hufika kwenye magrupu yetu ya WhatsApp ikiwa imeshanenepa njiani: "Wafungwa wa unga wote wanatoka," "Miaka imekatwa nusu." Kufika jioni simu zinalia. Mimi nafanya ukalimani wa Kiswahili mahakamani. Si wakili, na haya si ushauri kwa kesi ya mtu. Ni majibu ya maswali yaleyale ninayoulizwa koridoni, kwenye maegesho, na mara moja msibani.

Tume hii ni kitu gani hasa?

Ni chombo cha serikali kuu ya Marekani, chenye makao Washington, kilichoundwa na Sheria ya Mageuzi ya Adhabu ya 1984. Kazi yake kubwa ni kuandika mwongozo ambao majaji wa mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu na si za majimbo, huutumia kupima adhabu ya mtu aliyekwisha kutiwa hatiani.

Zamani jaji wa shirikisho alikuwa na uhuru wa karibu kila kitu. Sheria ilisema tu, kwa mfano, "kifungo kisichozidi miaka 20," na ndani ya hiyo 20 alichagua anavyoona. Watu wawili wa kosa moja, mmoja kaangukia kwa jaji mpole, mwenzake kwa jaji mkali: huyu kifungo cha nje, yule miaka kumi. Halafu bodi ya paroli nayo ikaamua ni lini mtu atatoka kweli, kwa hiyo hata miaka iliyotamkwa mahakamani haikuwa miaka. Bunge likaona hii ni bahati nasibu. Mwongozo wa kwanza ulianza kutumika 1 Novemba 1987, na kwa makosa yaliyotendwa kuanzia siku hiyo paroli ya shirikisho ikafutwa. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "atatumikia theluthi, kisha paroli" kwenye kesi ya shirikisho, najua kasimuliwa na mtu ambaye ndugu yake alifungwa na jimbo.

Je, Tume inaweza kumfunga mtu, au kumfungua?

Hapana kwa yote mawili. Haisikilizi kesi, haina kizimba, haimjui ndugu yako kwa jina. Ukiiandikia barua kuomba apunguziwe, barua itasomwa, lakini haitamtoa. Mtu hufungwa na jaji, na akitoka kabla ya muda wake kwa amri ya mahakama, ni jaji pia aliyetoa amri hiyo.

Tume inachokishika ni kipimo. Na anayeshika mizani sokoni, hata kama hauzi wala hanunui, ana neno kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Makamishna ni nani, na nani anawaweka?

Wenye kura ni saba. Rais anawapendekeza, Seneti inawathibitisha. Angalau watatu lazima wawe majaji wa shirikisho, na wasizidi wanne wa chama kimoja. Muhula ni miaka sita. Rais hawezi kumwondoa kamishna kwa sababu tu hampendi. Lazima kuwe na uzembe kazini, ubadhirifu wa madaraka au sababu nyingine nzito.

Wapo pia wasio na kura, akiwemo Mwanasheria Mkuu wa Serikali au mwakilishi wake. Hapa mawakili wa utetezi hunung'unika, nami nawaelewa: mkubwa wa waendesha mashtaka ana kiti mezani kwa mujibu wa sheria, bila kura sawa, lakini anasikia na anasema. Upande wa utetezi hauna kiti cha namna hiyo. Unaitwa kutoa maoni, kisha unarudi kukaa na watu.

Inawezekanaje chombo chenye majaji kikatunga kanuni? Hiyo si kazi ya Bunge?

Swali hili lilifika Mahakama ya Juu mapema kabisa, katika kesi ya Mistretta, iliyoamuliwa Januari 1989. Mshtakiwa wa kesi ya kokeini kutoka Missouri alidai kwamba Bunge limegawa kazi yake ya kutunga sheria, tena limewachanganya majaji na siasa. Majaji wanane kati ya tisa walisema Tume ni halali: Bunge lilitoa maelekezo ya kutosha, likaacha ufundi kwa wataalamu. Sheria inaiweka Tume ndani ya mhimili wa mahakama, ingawa haiko chini ya mahakama yoyote.

Aliyepinga peke yake ni Jaji Antonin Scalia. Aliiona Tume kama bunge dogo la kikosi cha pili, lililopewa kutunga sheria kwa jina la mwongozo. Alishindwa, lakini hoja yake haijazeeka. Bado naisikia kwa mawakili kila Tume inapochukua hatua kubwa.

Mwongozo unafanyaje kazi? Nionyeshe kwa mfano.

Mwisho wa kitabu cha mwongozo kuna jedwali. Upande mmoja kuna viwango vya kosa, kutoka 1 hadi 43. Juu yake kuna safu sita za historia ya mtu, kutoka asiye na makosa ya nyuma hadi sugu. Zinapokutana unapata kijumba chenye namba mbili: miezi ya chini na miezi ya juu. Vijumba vyote ni 258. Sheria yenyewe inaibana Tume hapa: namba ya juu isizidi ya chini kwa zaidi ya asilimia 25 au miezi sita, kutegemea ipi ni kubwa.

Tuseme kijana kakamatwa na kilo moja ya kokeini ya unga, hana kesi nyingine maishani, na amekiri kosa. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, kokeini kuanzia gramu 500 hadi chini ya kilo 2 huanza na kiwango cha 24. Kukiri mapema kunampunguzia 3: yuko 21. Kwenye safu ya kwanza, 21 ni miezi 37 hadi 46.

Familia ikisikia 37 inaanza kuhesabu Krismasi. Subirini. Bunge limeandika kwenye sheria kwamba kuanzia gramu 500 za kokeini, kima cha chini ni miaka mitano, yaani miezi 60. Jedwali la Tume linasema 46 ndiyo juu kabisa. Sheria inasema 60 ndiyo chini kabisa. Sheria ndiyo inayoshinda, na mwongozo wenyewe unakiri hivyo: adhabu inakuwa 60.

Ila kuna mlango ambao Bunge limeuacha kwa watu wa namna yake: hakutumia nguvu wala silaha, hakuwa kiongozi, historia yake ni nyepesi, na ameieleza serikali yote anayoyajua kuhusu kosa hilo. Akitimiza masharti, kima cha chini kinaondoka na mwongozo unampunguzia 2. Tangu Novemba 2023 Tume imeongeza nafuu ya 2 nyingine kwa asiye na pointi hata moja ya makosa ya nyuma, mradi kosa lenyewe halimo katika yale yaliyokatazwa. Sasa yuko 17: miezi 24 hadi 30.

Kutoka 60 hadi 24, kwa kosa lilelile na mfuko uleule. Ndiyo maana huwa nawaambia watu wasihangaike na nani ni jaji kabla hawajaiona karatasi ya hesabu. Hesabu hiyo huandaliwa na ofisa wa uangalizi wa mahakama kwenye ripoti ya kabla ya adhabu. Pande zote hupewa ripoti hiyo angalau siku 35 kabla ya siku ya adhabu, na zina siku 14 za kuipinga kwa maandishi. Nimeona watu wakija na barua kumi na mbili za wachungaji na mashehe, nzuri kweli, huku kosa la hesabu kwenye ripoti limepita bila mtu kunyoosha kidole.

Jaji analazimika kufuata jedwali?

Kwa miaka 17 alilazimika, isipokuwa kwa sababu chache. Tangu 12 Januari 2005 halazimiki.

Kilichobadilisha mambo ni kesi ya Freddie Booker. Juri, wale raia wanaosikiliza kesi na kuamua hatia, ilimtia hatiani kwa gramu 92.5 za kreki, ile kokeini inayopikwa ikawa vipande vya kuvuta. Kwa gramu hizo na historia yake, jedwali liliishia miezi 262. Siku ya adhabu jaji akaamua mwenyewe, bila juri, kwamba kulikuwa na gramu nyingine 566 na kwamba mshtakiwa alizuia haki isitendeke. Kijumba kikahama. Akapigwa miaka 30.

Mahakama ya Juu ikasema hilo linavunja haki ya mtu kuamuliwa na juri: huwezi kumlazimisha jaji apandishe adhabu kwa jambo ambalo juri haikulithibitisha. Watu wengi walitarajia mwongozo wote utupwe. Haukutupwa. Kundi jingine la majaji watano wa mahakama ileile, likiongozwa na Stephen Breyer, lilikata neno moja tu, ule ulazima, likauacha mwongozo kama ushauri. Breyer huyo alikuwa miongoni mwa makamishna wa kwanza walioandika mwongozo wenyewe. Ni kama fundi aliyeitwa kuamua kama nyumba aliyoijenga ibomolewe. Kura tano za hoja ya kwanza na kura tano za hoja ya pili hazikuwa za watu walewale. Ruth Bader Ginsburg peke yake ndiye aliyekuwa upande wa ushindi mara zote mbili.

Sasa kama ni ushauri, una maana gani?

Maana kubwa. Jaji wa shirikisho haanzi na karatasi nyeupe. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2007, katika kesi ya Gall, kwamba lazima aanze kwa kukokotoa mwongozo kwa usahihi, ndipo atazame mambo mengine: mtu mwenyewe, uzito wa kosa, usalama wa jamii, waathirika. Akikosea hesabu, adhabu inaweza kutenguliwa kwenye rufaa hata kama angekuwa na uhuru wa kufika mahali palepale kwa njia nyingine. Akitaka kwenda mbali na kijumba, aeleze kwa nini.

Na mwaka 2013, katika kesi ya Peugh, mahakama ileile ilikataza kumpima mtu kwa mwongozo mpya mkali zaidi kuliko uliokuwepo siku alipotenda kosa. Ushauri mtupu usingehitaji ulinzi wa aina hiyo.

Chini ya nusu ya adhabu za miaka ya karibuni huangukia ndani ya kijumba chenyewe. Nyingi ya nyingine ziko chini yake. Lakini chini ya nini? Chini ya namba iliyowekwa na Tume. Mtu aliyeanzia 120 akapunguziwa theluthi anafika 80. Aliyeanzia 60 akapunguziwa theluthi anafika 40. Wote wawili watasema jaji aliwahurumia.

Tume inaweza kubadilisha sheria iliyotungwa na Bunge?

Haiwezi. Haiundi makosa ya jinai, haipandishi kima cha juu, haigusi kima cha chini. Ikiandika kitu kinachogongana na sheria, sheria inabaki na mwongozo unaanguka; Mahakama ya Juu ililisema hili waziwazi katika kesi ya LaBonte mwaka 1997.

Hadithi ya kreki ndiyo somo zima. Mwaka 1986 Bunge, katika hofu ya wakati ule, liliweka uwiano wa 100 kwa 1: gramu 5 za kreki zilibeba kima cha chini cha miaka mitano sawa na gramu 500 za unga. Waliofungwa kwa kreki wengi walikuwa Wamarekani weusi. Mwaka 1995 Tume ilipendekeza kwenye mwongozo wake dawa hizo mbili zipimwe sawa. Bunge likatumia mamlaka yake ya kukataa marekebisho, kwa mara ya kwanza tangu Tume iundwe, na Rais Clinton akaweka saini. Tume haikunyamaza: iliendelea kupeleka ripoti, mwaka 2007 ikapunguza viwango viwili kwenye sehemu iliyokuwa mikononi mwake, na hatimaye mwaka 2010 Bunge lenyewe likashusha uwiano hadi 18 kwa 1. Waliofungwa kabla ya hapo kwa vima vya chini vya zamani walisubiri sheria nyingine, ya Desemba 2018, ndipo nao wafikiriwe.

Hesabu mwenyewe kuanzia 1995. Kuna watu walioingia gerezani na mtoto wa mgongoni, wakatoka akiwa na mtoto wake.

Marekebisho hupitaje?

Yanahitaji kura nne kati ya saba. Tume huchapisha pendekezo, hupokea maoni, hufanya vikao vya wazi, kisha hupeleka bungeni kabla ya 1 Mei. Bunge likikaa kimya kwa siku 180, marekebisho yanaanza, kwa kawaida 1 Novemba. Ukitaka kuyazuia unahitaji sheria kamili, ipite mabaraza yote mawili na kwa rais. Kwa maneno mengine, uvivu wa Bunge ni upande wa Tume.

Marekebisho yanawagusa walioko ndani tayari?

Hili ndilo swali la simu nyingi. Jibu ni: yanawagusa pale tu Tume ikipiga kura nyingine kusema yanarudi nyuma. Mamlaka hayo inayo, na ndiyo makubwa kuliko yote iliyo nayo, kwa macho yangu. Mwaka 2014 ilipunguza viwango viwili kwa karibu makosa yote ya dawa za kulevya, ikasema nafuu hiyo irudi nyuma, lakini mtu yeyote asitoke kabla ya 1 Novemba 2015 ili majaji wapate muda. Siku zile za mwanzo walitoka watu wapatao 6,000 kwa mpigo. Kiasi cha theluthi yao hawakuwa raia wa Marekani, na kwa wengi wao mlango wa gereza ulifungukia kwa maofisa wa uhamiaji.

Nafuu ya mwaka 2023 kwa wasio na pointi za nyuma nayo ilirudishwa nyuma, waliostahili wakaanza kutoka Februari 2024.

Lakini kustahili si kutoka. Lazima ombi lifike mahakamani, na jaji anaweza kukataa. Tena si kesi mpya: katika uamuzi wa Dillon, 2010, Mahakama ya Juu ilisema jaji anabadilisha kipande kile tu kilichorekebishwa, na kwa kawaida hawezi kushuka chini ya kijumba kipya. Mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, kama Tume imesema apunguziwe, jaji ni nani wa kukataa?" Nilimjibu: Mama, Tume imesema anaweza kupunguziwa. Alikaa kimya kidogo, akasema Kiingereza kina hila. Si Kiingereza, Mama.

Kuachiwa kwa huruma, kwa ugonjwa au uzee, ni kazi ya Tume?

Tume inaeleza ni sababu zipi ni "nzito na zisizo za kawaida". Jaji anaamua kama zipo. Bunge liliweka sharti moja: kujirekebisha peke yake hakutoshi kuwa sababu.

Hapa palitokea jambo la aibu. Desemba 2018 sheria ilibadilika, mfungwa akaruhusiwa kupeleka ombi mwenyewe mahakamani badala ya kuingoja Idara ya Magereza imwombee. Ilibidi Tume iandike upya maelezo yake. Ila wakati huohuo ilikosa akidi: mihula iliisha, viti havikujazwa, na ikafika mahali akabaki kamishna mmoja tu mwenye kura, Jaji Charles Breyer, mdogo wake yule Breyer wa Mahakama ya Juu. Mmoja hawezi kupiga kura nne. Ikaja korona, magereza yakajaa maombi, na kitabu bado kinasema ombi lipelekwe na mkurugenzi wa magereza. Karibu mahakama zote za rufaa ziliamua kwamba maelezo hayo ya zamani hayawahusu wafungwa wanaojiombea, kwa hiyo kila jaji akapima kwa rula yake.

Akidi ilirudi Agosti 2022, Seneti ilipothibitisha makamishna saba kwa mpigo, mwenyekiti akiwa Jaji Carlton Reeves wa Mississippi, mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo. Maelezo mapya yalianza Novemba 2023: ugonjwa mzito, uzee, mlezi wa watoto kufariki au kulemaa, mzazi asiyejiweza asiye na mtu mwingine, na aliyenyanyaswa kingono au kupigwa na watumishi wa gereza. Kiliongezwa pia kipengele cha kifungo kirefu kupita kiasi kwa aliyekwisha kutumikia miaka 10, pale sheria ilipobadilika baada yake. Hicho ndicho kilichozua ubishi mkubwa mahakamani, watu wakisema Tume imevuka mpaka wake. Kwa vitendo: mfungwa humwandikia kwanza mkuu wa gereza, na siku 30 zikipita anaweza kwenda mahakamani. Weka nakala ya barua hiyo yenye tarehe.

Kesi ya ndugu yangu ni ya jimbo. Inamhusu?

Haimhusu. Kesi nyingi za jinai Marekani ni za majimbo, na Tume hii haina neno huko. Majimbo kadhaa yana tume zao. Minnesota, wanakoishi Waafrika Mashariki wengi, ilitangulia hata serikali kuu: tume yake iliundwa 1978 na mwongozo ukaanza 1980. Kwanza jua kesi iko mahakama ipi. Karatasi ya mashtaka ikianza na "Marekani dhidi ya" fulani, ni ya shirikisho. Ikianza na jina la jimbo, ni ya jimbo.

Na mtu aliyekamatwa Afrika akapelekwa huko?

Akishahukumiwa kwenye mahakama ya shirikisho, anapimwa kwa jedwali lilelile. Halijali alikamatiwa wapi. Wakenya wanawakumbuka ndugu Akasha wa Mombasa, waliopelekwa New York Januari 2017 na kukiri makosa ya dawa za kulevya mwaka uliofuata. Baktash alipewa miaka 25 Agosti 2019, Ibrahim miaka 23 Januari 2020. Bodi ya paroli ya kuwasikiliza katikati haipo.

Tume inaweza kuzuia mtu asirudishwe kwao?

Hapana. Uhamiaji ni sheria nyingine na mahakama nyingine. Kuna makosa ambayo kifungo cha mwaka mmoja au zaidi ndicho kinachomtumbukiza mtu kwenye kundi baya zaidi la uhamiaji, kwa hiyo siku moja pungufu inaweza kuwa na thamani kuliko mwezi. Wakili wa jinai na wa uhamiaji waongee kabla ya kukiri, si baada.

Ina mamlaka gani mengine?

Kuna moja lisilopigiwa kelele: takwimu. Kwa sheria, ndani ya siku 30 baada ya hukumu, mahakama lazima iipelekee Tume hati za kesi: mashtaka, makubaliano ya kukiri, ripoti ya kabla ya adhabu, hukumu na sababu za jaji. Ni kesi zaidi ya 60,000 kwa mwaka. Hakuna anayejua adhabu za shirikisho kama wao, na wakili mwenye bidii huingia kwenye takwimu hizo akamwonyesha jaji watu wenye kijumba kama cha mteja wake walipata nini. Tume pia hufundisha majaji na maofisa, na hulishauri Bunge, linaloweza kusikia au kutosikia.

Naweza kuishtaki Tume?

Kuipinga ndani ya kesi yako, ndiyo: wakili anaweza kumwambia jaji kwamba kipengele fulani hakina mantiki, na tangu kesi ya Kimbrough ya 2007 jaji anaruhusiwa kukubaliana naye. Kuifungulia kesi Tume yenyewe kama unavyozishtaki idara nyingine za serikali ni mlango mwembamba sana, maana sehemu kubwa ya sheria ya taratibu za idara hizo haiigusi.

Kwetu kuna tume kama hii?

Si kwa sura hii. Kenya ina Miongozo ya Sera ya Utoaji Adhabu iliyotolewa na Mahakama mwaka 2016 na kufanyiwa marekebisho 2023. Uganda ina maelekezo yake tangu 2013. Hayo yametoka kwa mahakama yenyewe, bila jedwali la vijumba. England na Wales wana Baraza la Adhabu tangu 2010, na huko mahakama inatakiwa kuufuata mwongozo isipokuwa kufanya hivyo kungekuwa kinyume cha haki, hivyo una nguvu kuliko wa Marekani wa leo. Ugomvi wenyewe ni mmoja kila mahali: namba iandikwe na nani. Mahakama ya Juu ya Kenya mwaka 2017, kwenye kesi ya Muruatetu, iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji. Magereza yote yakadhani imeondoa vima vyote vya chini, na mwaka 2021 ikabidi ifafanue kwamba ilizungumzia mauaji tu. Zile simu za magrupu zinalia huko pia.

Raia wa kawaida, au mfungwa, anaweza kutoa maoni?

Anaweza, na si lazima awe raia. Tume hutangaza mapendekezo yake, huweka tarehe ya mwisho, na hupokea barua kwa posta na kwa mtandao. Za wafungwa huingia kwenye kumbukumbu za wazi pamoja na za majaji na vyuo, nyingine zimeandikwa kwa kalamu, mistari imepinda. Taja namba ya kipengele unachokizungumzia mwanzoni mwa barua, eleza kilivyokugusa, usizidi kurasa mbili, na usiweke jina la mtoto wala anwani ya nyumbani, maana itasomwa na dunia nzima.